Pilipili Arobaini kutoka Koekelberg hadi Auderghem

Tangu Jumapili kila mtu wa kwaya ananiuliza mambo yale yale mawili. Kwanza, kwa nini midomo yangu ilivimba hadi nikashindwa kuimba besi. Pili, inawezekanaje mtu mzima, mkazi wa Brussels kwa miaka kumi na tisa, atumie saa saba na nusu kutoka Koekelberg hadi Auderghem, safari ambayo kwa metro huwezi hata kumaliza kusoma gazeti. Nimechoka kueleza nusu nusu mlangoni pa kanisa huku Maman Régine akinikatiza kila sentensi. Basi nimeandika yote. Someni, mcheke, halafu mniache.

Kabla ya kuondoka

Mnajua binti yangu Nadège ana mchumba. Anaitwa Rudy, ni fundi wa lifti, mtu wa milimani kaskazini mwa Sulawesi, kisiwa cha Indonesia kinachopitiwa na ikweta. Ni Mkristo, anawahi ibada kuliko mimi, na hana neno na mtu. Miezi mitatu iliyopita alikuja kwangu Koekelberg mara ya kwanza, amebeba sufuria ya kuku aliyempika mwenyewe. Chakula hicho kwao kinaitwa rica-rica. Rica ni pilipili. Walikipa jina hilo mara mbili, na mimi sikujiuliza kwa nini.

Tena nilikuwa nimejisifu. Kabla mfuniko haujafunuliwa nilimwambia kwamba sisi watu wa Lubumbashi pilipili tunaizoea kabla ya kuota meno. Nikatia kipande kizima mdomoni. Yaliyofuata siyakumbuki kwa mpangilio. Nadège anasema nilikunywa maziwa kwenye pakiti, nikaweka kichwa chini ya bomba, kisha nikarudi mezani huku maji yakinichuruzika shingoni na kumwambia mgeni kwamba amekuja kunizika kabla ya harusi, na kwamba chakula cha namna ile hata mwizi hapewi.

Kwetu pilipili inakaa pembeni, kwenye kisahani chake, kila mtu anajichukulia kwa kadiri ya dhambi zake. Kwa akina Rudy inaingia sufuriani pamoja na kuku, na mpishi anaimwaga kwa upendo. Hilo sikulijua. Lakini kwamba chakula cha mkwe hakitukanwi mbele yake, hilo nililijua vizuri sana.

"Papa, omba pardon," Nadège akasema.

"Pardon ya nini? Njo miye nilichomeka!"

Akachukua koti lake na mchumba wake, wakaenda. Miezi mitatu hakunipigia simu. Sufuria ikabaki: ndogo, ya bluu, ya enameli, mfuniko umechubuka pembeni. Marehemu mke wangu angeirudisha kesho yake, tena ikiwa na kitu ndani, maana kwetu hurudishi chombo cha mtu kikiwa kitupu, hata kama utaweka mayai mawili tu. Mimi niliiosha, nikaiweka juu ya friji. Kila asubuhi nilipochukua maziwa niliiona, na kila asubuhi nilijifanya sijaiona.

Jumatano iliyopita Rudy akanipigia. Mama yake, Maman Altje, amekuja kuwatembelea Auderghem, na Ijumaa saa kumi kamili jioni gari la binamu yao wa Uholanzi litakuja kumchukua. Anaulizia sufuria yake. Kumbe haikuwa ya Rudy! Ni ya mama, aliyompa mwanawe siku anaondoka nyumbani.

"Na Nadège anasemaje?" nikauliza.

"Anasema hutakuja."

Neno hilo liliniuma kuliko kuku wake. Nikaapa kwenye simu kwamba nitakuja, sufuria itakuwa imejaa rica-rica niliyoipika kwa mikono yangu, na kipande cha kwanza nitakila mimi mbele ya wote bila kunywa maji. Rudy akanitumia maelezo: tangawizi, vitunguu, mchaichai, majani ya ndimu, pilipili arobaini. Pilipili za kwao, zile ndefu nyembamba, sikuzipata. Nikachukua za kwetu, zile za mviringo zilizokunjamana, ambazo moja inatosha familia wiki nzima. Nikahesabu arobaini. Mimi ni fundi umeme, nikipewa kipimo ninakiheshimu.

Koekelberg hadi mfereji

Niliondoka saa tatu asubuhi, sufuria ikiwa bado inachemka, nimeifunga kwa kitenge cha marehemu. Habari za mgomo nilikuwa nimezisikia, lakini mtu wa Ubelgiji akisikiliza kila habari ya mgomo hatatoka kitandani. Metro ilikuwa imefungwa. Nilisimama nyuma ya Basilika karibu saa nzima, hadi likaja basi moja, la pekee, limejaa hadi kwenye vioo. Nikajibana, sufuria kifuani.

Tulipokaribia mfereji dereva akafunga breki. Mfuniko ukasogea, si sana, upana wa kidole. Kwanza akakohoa bibi aliyekuwa mbele yangu. Kisha akakohoa bwana mwenye baiskeli ya kukunja. Kisha likakohoa basi zima, toka mbele hadi nyuma, na mtu akapiga kelele kwa Kifaransa kwamba ni gesi ya polisi. Milango ikafunguliwa. Watu wakamwagika barabarani, wengine wamejifunika skafu, kijana mmoja akirekodi kwa simu huku akilia machozi.

Dereva akashuka wa mwisho. Akanusa huku na kule, akaja moja kwa moja hadi kwangu.

"Ni nini hiyo, bwana?"

"Ni kuku," nikamjibu.

Aliitazama sufuria kwa muda. Akaniambia kwamba kwa miaka yake yote kazini ameshawashusha watu kwa sababu ya theluji, ya moshi na ya mbwa mkali, lakini kwa sababu ya kuku ni mara ya kwanza. Akapanda, akafunga milango, akaondoka bila mimi. Wenzangu wote aliwapandisha tena.

Mfereji hadi Porte de Namur

Nikatembea. Katikati ya mji nikaangukia kwenye maandamano yenyewe: ngoma, filimbi, majaketi mekundu mtaa mzima. Hapakuwa na njia ya kupita, nikaingia ndani yao nikawa mwandamanaji.

Kando yangu alikuwa bwana mnene mwenye kipaza sauti, Luc. Akaona kitenge, akauliza nimebeba nini, nikamweleza. Akaniambia yuko barabarani tangu alfajiri na hajala kitu, na kwamba pilipili haimtishi, kila kiangazi anaenda likizo Tunisia. Sasa mtu akikwambia ana njaa na umebeba sufuria, utafanyaje? Mama yangu hakunilea hivyo. Nikamfungulia.

Luc akala kipande kimoja. Alitafuna, akaacha kutafuna, akaanza kubadilika rangi polepole hadi nikashindwa kuona jaketi linaishia wapi na shingo inaanzia wapi.

"C'est bon," akasema, yaani ni kitamu, kwa sauti iliyobaki kidogo sana.

Hapo wenzake nao wakataka. Hawakuamini. Kila mmoja alijiona yeye ndiye atakayeweza, wakapanga foleni, maana Wabelgiji hata wakienda kulia wanapanga foleni. Mama mmoja mwenye kitambulisho cha muuguzi alikula vipande viwili na kunibusu. Nilipofanikiwa kufunga mfuniko, nusu ya sufuria ilikuwa imekwenda.

Kwa shukrani wakanipandisha kwenye lori lao la vipaza sauti, kwamba watanifikisha Porte de Namur. Luc akashika kipaza sauti awaongoze watu kwa maneno ya mgomo. Akafungua kinywa, hakikutoka kitu. Akampa mwenzake, naye hakikutoka kitu. Wapiga ngoma walikuwa wanapangusa macho. Watu wa nyuma walipoona lori limekaa kimya na viongozi wao wote wanalia, wakadhani tunamwombolezea mtu. Wakavua kofia. Mtaa mzima ukanyamaza. Mzee mmoja akanisogelea pale juu ya lori, akanipa mkono wa pole, nami nikaupokea kwa sababu sikujua nifanye nini kingine.

Ixelles

Saa saba nilikuwa Chaussée d'Ixelles, kuku amepoa, na miguu inaniuma. Nikaingia kwa Maman Furaha, yule mama wa Bukavu mwenye mgahawa mdogo, nimwombe anipashie moto. Alikuwa na wateja wengi kwa sababu ya mgomo.

"Papa Gustave! Karibu, karibu. Umeleta nini?"

"Ni kuku. Uniwekee ku moto, nakuya sasa hivi."

Nikaenda kunawa uso. Nilikaa huko dakika tano, labda kumi, nikijitazama kwenye kioo na kurudia maneno nitakayomwambia Nadège. Yote yalikuwa yanaanza na "Lakini". Nilipotoka nikakuta kila meza ina sahani ya wali, na juu ya wali kipande cha kuku wangu.

"Maman Furaha! Unafanya nini?"

"Nawapatia batu chakula! Si umeniletea?"

"Nilisema uweke ku moto!"

"Niliweka! Papa, mutu anaingia ku restaurant na sufuria, à midi, saa ya kula, batu bamejaa, mi nitafikiri nini? Juzi Maman Brigitte aliniletea samaki, leo weye unaniletea kuku. Nilisema, Mungu anibariki."

Sikuweza hata kumkasirikia, maana katika mgahawa wake ndivyo mambo yanavyokwenda, mimi mwenyewe nimeshakula pale samaki wa Maman Brigitte. Wateja walikuwa wameanza kuelewa wanachokula. Meza moja ilipiga kelele za kuomba maji. Meza nyingine ilikuwa inaomba, wote wanne, vichwa chini. Papa mmoja mwenye tai alikuwa anakula bila kusema neno, machozi yanadondokea wali, na alipomaliza akainua sahani: "Maman, ongeza."

Vilibaki vipande vitatu na mchuzi mzito mwekundu wa chini. Maman Furaha alijisikia vibaya. Akashika upawa, akafunua sufuria ya majani ya muhogo.

"Leta nikujazie pondu. Iko moto, iko na samaki. Utarudisha sufuria na kitu ndani."

"Niliapa rica-rica. Si pondu."

"Bon, na ukifika na vipande trois?"

"Vitatosha."

Hapo nilikuwa mjinga, naandika wazi. Ile pondu ingeokoa heshima yangu yote. Lakini mnanijua, nikishasema neno mbele ya mwanamke mwenye upawa sirudi nyuma.

Ixelles hadi msituni

Nikapata basi lililokuwa linakwenda upande wa Auderghem, na safari hii likiwa nusu tupu. Nikakaa, nikafunga mfuniko kwa mafundo mawili, nikafumba macho kidogo tu. Nilipofumbua niliona miti. Miti mbele, miti nyuma, na dereva akinigusa bega kwamba basi haliendi zaidi ya hapo. Nilikuwa nimepita Auderghem yote nikikoroma, sasa niko ukingoni mwa msitu wa Soignes, na saa ilikuwa tisa na dakika kumi.

Nikaanza kurudi kwa miguu, nikashika njia niliyodhani ni ya mkato. Baada ya robo saa nikapita benchi moja la mbao. Baada ya robo saa nyingine nikapita benchi hilo hilo. Nikakaa juu yake.

Sasa niwaambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Nilikuwa sijala tangu jana yake usiku. Wakati wa kupika sikuonja, kwa woga. Kutwa nzima nimelisha maandamano na mgahawa, mimi mwenyewe tumbo linalia. Nikafungua sufuria. Nikajiambia nitaonja mchuzi tu, kwa ncha ya kidole, ili nisije nikaaibika tena mbele ya Maman Altje.

Kwanza ilikuwa moto, moto tu, masikio yakafunga. Nikashika benchi kwa mikono miwili. Lakini msituni hakuna maziwa wala bomba, huwezi kukimbia, unabaki nayo. Na ukibaki nayo, taratibu moto unasogea pembeni, na nyuma yake kuna vitu: mchaichai, tangawizi, majani ya ndimu, kuku mtamu hadi mfupa. Yule kijana alikuwa amenipikia chakula kizuri, na mimi nilikimbia kabla sijakifikia. Niliona aibu pale peke yangu. Nikala kipande cha kwanza kwa aibu hiyo, cha pili kwa njaa, na cha tatu sijui kwa nini, nilikuta mfupa tu mkononi.

Ndipo nikatazama ndani ya sufuria.

Mwanamke mmoja aliyekuwa anakimbia mazoezi akasimama. Aliona mzee mweusi mwenye suti, juu ya benchi, amekumbatia sufuria tupu, macho mekundu, pua inatiririka. Akanipa karatasi za kujifuta na kuniuliza kwa sauti ya chini kama nimefiwa.

"Nimemaliza vyote," nikamwambia.

Akanishika bega. Akanionyesha njia ya kutokea.

Auderghem

Nilifika mtaa wao saa kumi na nusu. Gari la Uholanzi lilikuwa nje, injini inawaka, sanduku limeshapakiwa, na binamu amelala kwenye usukani. Mlango wa nyumba ulikuwa wazi. Kwenye kiti cha mlangoni alikaa mama mfupi mwenye koti zito, amefunga vifungo vyote hadi kidevuni, mkoba magotini. Rudy aliniambia baadaye kwamba alikataa kupanda gari. Alisema yeye haondoki bila kuiona sufuria yake.

Nadège alitokea nyuma yake. Miezi mitatu sikuwa nimemwona, amekata nywele, anafanana na mama yake kupita kiasi. Nilikuwa na maneno yangu ya kwenye kioo, yote yakapotea. Midomo haikuwa inafunga. Machozi ya pilipili yalikuwa bado yanatoka, na sikuweza kuyazuia.

"Papa," akasema. "Papa, unalia?"

Nilitaka kusema hapana, ni pilipili. Badala yake nikasema, "Pardon. Nadège, pardon. Rudy, pardon." Na baada ya hapo sikujua tena machozi yapi ni ya pilipili na yapi ni yangu.

Akanikimbilia. Akanifuta uso kwa viganja vyake viwili, kama mama yake alivyokuwa akimfuta yeye. Kisha akajifuta macho yake kwa viganja hivyo hivyo.

"Ayiiii! Papa! Ni nini hii?"

Rudy akaja kumsaidia, akamshika mikono, akajigusa jicho. Tukawa watatu tunalia barazani, tumeshikana, hatuonani. Binamu aliamka, akazima injini na kushuka, akifikiri kuna msiba. Maman Altje peke yake hakusogea. Alinyoosha mkono, akaichukua sufuria, akafungua mafundo.

Nikamwambia Rudy amtafsirie. Kwamba kwetu ni aibu kubwa kurudisha chombo kikiwa kitupu. Kwamba asubuhi kilikuwa kimejaa, ila wamekula watu wa mgomo, wamekula watu wa Ixelles, na mwisho, mwenye hatia kuliko wote, nimekula mimi.

Rudy akatafsiri, jicho moja limefumba. Maman Altje akapitisha kidole kwenye mchuzi uliogandia chini, akaonja. Akaanza kwikwi. Mwanamke huyu anakula ndizi za kukaanga kwa pilipili na samaki wa moshi kila asubuhi, Rudy ameniapia, na sasa alikuwa anafungua vifungo vya koti kimoja kimoja.

"Anauliza uliweka ngapi," Rudy akasema.

"Quarante. Kama ulivyoandika."

Nikatoa simu nikamwonyesha picha ya pilipili zenyewe. Mama akaitazama, akaniangalia, akacheka hadi kiti kikagonga ukuta. Akasema kitu kirefu, na Rudy akakifupisha: ingerudi imejaa, angejua hakuna aliyekula. Imerudi hivi, na imelisha mji.

Binamu alisubiri nusu saa nyingine. Tulikula ndizi zake za asubuhi zilizobaki, kwa pilipili, na dabu-dabu, ambayo ni nyanya mbichi, vitunguu, ndimu na pilipili, kachumbari iliyokasirika. Nilikula bila maji. Uvimbe wa midomo mliouona Jumapili ulitoka hapo. Kisha Maman Altje akanibusu mashavu yote mawili, akapanda gari, na sufuria hakuichukua.

Niliiona mezani wakati navaa koti. Nadège alikuwa anaijaza ndizi, na dabu-dabu kwenye kikopo juu yake. Akafunika, akafunga kitenge kwa fundo la mama yake, lile la masikio mawili ambalo mimi sijawahi kuliweza. Akanikabidhi.

"Maman Altje anasema ibaki hapa Brussels. Na weye unajua, Papa, sufuria ya batu hairudiaka mutupu."

"Najua."

"Donc utairudisha lini?"

Nikamwambia Jumamosi. Kuku nimeshanunua, na nimeuliza mara mbili: hakuna mgomo.